Mali Bila Daftari

Wahenga walituachia methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi tuandikao makala haya ni mume na mke. Mmoja wetu amefundisha Kiswahili katika shule za sekondari mjini Kampala kwa miaka mingi, na mara nyingi ameiandika methali hiyo ubaoni akawataka wanafunzi waeleze maana yake na kuitolea mfano. Wa pili ni muuguzi, mtu aliyezoea kuandika kila kidonge alichotoa na saa aliyokitoa. Hatukudhani hata siku moja kwamba mfano wa methali ile ulikuwa ukikua ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na ngeli, ushairi, na mbinu za kufundishia. Watusamehe kwa kuwaletea habari za mishahara na madeni. Walimu wengi siku hizi wameoana na watu wenye kazi za mshahara, na tunapokutana katika semina zetu, mazungumzo ya wakati wa chai aghalabu huanza na sarufi na kuishia kwenye mikopo. Tumeona afadhali yale yasemwayo kwa kunong'ona yapate kuandikwa.

Yatupasa kueleza jambo moja kabla ya kuendelea. Katika makala haya tutasema "mmoja wetu" bila kutaja ni yupi. Tumekubaliana hivyo kwa sababu kila tulipojaribu kuisimulia habari hii kwa kutaja aliyekopa hiki na aliyeficha kile, tuliishia kugombana upya. Aidha, ilipofika siku ya kulipa, hapakuwa na shilingi iliyotoka mfukoni mwa mmoja pasipo kumpunguzia mwenzake. Deni lilikopwa na mmoja, nasi tukalilipa sote wawili.

Tulipooana, kila mmoja alikuwa na mshahara wake na benki yake. Hatukufanya mapatano yoyote. Mmoja alishika kodi ya nyumba na karo za shule. Wa pili akashika chakula, umeme, maji na mavazi. Yaliyobaki kila mmoja aliyatumia apendavyo. Kutojua mambo ya mwenzake kila mmoja alikuita heshima. Kumwuliza mwenzio, "Mshahara wako umekwendaje?" kulionekana kama kumpekua mfukoni. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo wengi wa Waswahili wa pwani huifuata, mali ya mke ni yake, na mume ndiye mwenye wajibu wa kumpa mkewe nafaka na matumizi ya nyumba. Huo ni utaratibu ulio wazi, kila mtu ajua zamu yake. Sisi hatukuwa na utaratibu huo wala mwingine wowote. Tulikuwa na ukimya.

Mnamo mwaka 2017, benki ya mmoja wetu ilimpa kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 3,000,000 za Uganda. Kadi za namna hii si kitu kikongwe. Huko New York, kadi ya Diners Club ilianza mwaka 1950, ikawa yatumika mikahawani. Na mwaka 1958 benki moja kubwa ya California iliwapelekea watu wa mji wa Fresno kadi zipatazo 60,000 kwa njia ya posta, ingawa hawakuwa wameziomba. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Kwetu sisi kadi ilikuja kwa barua ya pongezi, nasi tukaipokea kama mtu apokeavyo nyongeza ya mshahara. Hapo ndipo kosa letu la kwanza lilipokuwa. Kikomo cha mkopo tulikihesabu kuwa ni mali yetu, kumbe ni mali ya mwingine iliyowekwa karibu na mkono wetu.

Baada ya kadi ikaja mikopo ya simu ya mkononi. Mtu hubonyeza tarakimu kadhaa, na kabla hajaketi, fedha zimeingia. Mkopo tulioutumia ulitoza ada ya shilingi 9,000 kwa kila 100,000 kwa muda wa siku 30. Ada hiyo yaonekana ndogo. Lakini mtu akikopa 100,000, akalipa, akakopa tena siku ile ile, na kufanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 108,000, zaidi ya kiasi alichokopa, na bado hizo 100,000 adaiwa. Tulikuja kugundua kwamba sote wawili tulikuwa tukifanya hivyo, kila mmoja kwa siri yake, pengine katika chumba kimoja na kwa saa moja.

Siku ya siku ilifika mwanzoni mwa Februari 2020. Binti yetu alikuwa akirejea shule ya bweni kuanza kidato cha pili. Aliyeshika karo alikuwa amezitumia sehemu yake kulipia deni la simu, akitumaini kwamba mwenzake ana akiba. Mwenzake naye alikuwa amenunua godoro, blanketi, sare na vitabu kwa kadi, akitumaini kwamba karo imekwisha lipwa. Tulimsindikiza binti mpaka kituo cha basi kwa furaha. Saa kumi jioni alirudi. Alisimama barazani, sanduku likiwa kando yake na godoro jipya limefungwa kwa kamba, hata karatasi yake ya nailoni haijatolewa. Hakulia. Aliuliza tu, "Nirudi lini?"

Kila mmoja wetu alimtazama mwenzake, akingoja ajibu.

Usiku ule, watoto walipolala, tuliketi mezani. Tulileta hati za mishahara, taarifa za benki, simu mbili pamoja na jumbe zake zote, na kijitabu cha mama mwenye duka la mtaani. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, tuliandika katika ukurasa mmoja kila tulichodaiwa. Kadi ya mkopo, 2,000,000. Simu ya kwanza, 180,000. Simu ya pili, 240,000. Chama cha akiba na mikopo, 3,600,000. Duka la mtaani, 146,000. Fundi wa nguo, 60,000. Rafiki wa kazini, 300,000. Jumla ilikuwa shilingi 6,526,000. Mishahara yetu kwa pamoja, baada ya makato yote, haikuzidi 1,850,000 kwa mwezi. Katika madeni hayo saba, ni mawili tu tuliyokuwa tukiyajua sote, yaani la chama na la duka.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba usiku ule ulikuwa wa amani. Maneno yalisemwa. Mmoja wetu alisema kwamba kilichomwuma si fedha. Kilichomwuma ni kwamba rafiki wa kazini alijua asichokijua yeye. Wa pili alijibu kwamba rafiki haulizi maswali mengi. Tulinyamaza kwa muda mrefu baada ya hapo, kwa maana maneno hayo mawili yote yalikuwa ya kweli.

Tangu siku ile tumeyatafakari sana maneno ya lugha yetu kuhusu jambo hili, na huenda walimu wenzetu wakayaona kuwa yafaa darasani. Kiswahili hutenganisha kuazima na kukopa. Mtu huazima jembe, na jembe lile lile hulirudisha. Akikopa sukari au fedha, huzitumia zikaisha, kisha hurudisha nyingine za kiasi hicho. Wanafunzi wetu wa Kampala huielewa tofauti hiyo upesi, kwa kuwa Kiganda nacho chatenganisha okweyazika na okwewola. Kadi ya mkopo humfanya mtu aone kana kwamba anaazima, kwa sababu kadi yenyewe hurudi mfukoni nzima kama ilivyotoka. Kumbe amekopa, na kilichotoka hakitarudi chenyewe. Tena yafaa kukumbuka kwamba kitenzi kukopa, mbali na maana yake ya kawaida, kimepata kubeba pia maana ya kulaghai. Tulipoyasoma hayo tulicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejitambua.

Kuhusu kadi, jambo tulilochelewa kulifahamu ni namna hesabu yake inavyokwenda. Kila mwezi benki hufunga hesabu siku fulani, ikatoa taarifa, na kumpa mwenye kadi siku kadhaa za kulipa. Akilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, manunuzi yake aghalabu hayatozwi riba. Asipolipa lote, riba huanza kuhesabiwa, na mara nyingi nafuu ile ya siku za kungoja hupotea hata kwa manunuzi mapya. Akitoa fedha taslimu kwa kadi, kwa kawaida hutozwa ada papo hapo na riba tangu siku ya kwanza. Katika taarifa ile ile huandikwa kiasi cha chini cha kulipa, nasi tulidhani kwamba kukilipa hicho ndiko kulipa.

Natuchukue deni letu la 2,000,000, na tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Mtu akilipa 100,000, basi 60,000 ni riba, na deni lapungua kwa 40,000 tu. Akiendelea hivyo kwa mwaka mzima atakuwa ametoa 1,200,000, lakini deni litakuwa limepungua kwa takriban 568,000. Itamchukua miezi 31 kulimaliza, naye atakuwa ametoa 3,100,000. Lakini akilipa 200,000 kila mwezi, atalimaliza katika miezi 12 na salio dogo la mwezi wa 13, na jumla itakuwa kama 2,413,500. Kuongeza maradufu malipo ya mwezi kwaondoa zaidi ya nusu ya muda, na kwaokoa takriban 686,000. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji tu watu wawili waketi pamoja na kalamu moja.

Kuna jambo jingine lililotufikirisha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, na Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 nayo inataka ridhaa hiyo kwa nyumba wanamoishi wanandoa. Lakini kadi na simu haziombi saini ya mtu wa pili. Nyumba haiwezi kupotea bila sisi sote kujua, ila mshahara wa kuilipia nyumba hiyo waweza kwisha wote kwa siri. Wala hatusemi kwamba sheria ingetaka ridhaa hata huko. Nchini Marekani, kabla ya sheria ya mwaka 1974 iliyokataza ubaguzi katika mikopo, wakopeshaji wengi walimtaka mwanamke aliyeolewa alete saini ya mumewe, naye akawa kama mtoto mbele yao. Ridhaa ya kulazimishwa na benki humdhalilisha mmoja. Tuliona kwamba yatupasa kupeana ridhaa wenyewe, kwa hiari, mume kwa mke na mke kwa mume.

Mapatano yetu tuliyaandika katika daftari la kurasa 96 lililonunuliwa dukani kwa fedha taslimu. Tunayaeleza hapa kwa kifupi.

Kwanza, tuliuza televisheni kubwa kwa 600,000. Shilingi 420,000 zilifuta madeni ya simu zote mbili, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa ghali kuliko yote ingawa yalikuwa madogo. Shilingi 180,000 zilikwenda kwenye karo, na shule ikakubali tulipe iliyobaki kwa awamu mbili. Binti alirudi darasani baada ya siku tisa.

Pili, tuliunda mfuko wa nyumba. Mmoja wetu hupata 1,110,000 na wa pili 740,000, yaani mafungu sita kwa manne. Hapo awali tulijaribu kuchangia sawa kwa sawa, na mwenye mshahara mdogo akawa ndiye akimbiliaye simu kila ifikapo tarehe 20. Sasa twachangia kwa uwiano huo wa mishahara. Katika kila shilingi 100,000 zitakiwazo, mmoja hutoa 60,000 na wa pili 40,000. Karo, ambazo hapa Uganda huja mara tatu kwa mwaka, tulizigawa kwa miezi 12, tukaanza kuziweka kidogo kidogo hata wakati wa likizo.

Tatu, kila mmoja hubakiwa na kiasi kidogo kisichoulizwa. Mwanzoni mmoja wetu alipinga, akisema tunairudisha siri mlangoni baada ya kuifukuza. Lakini mtu mzima afanyaye kazi mwezi mzima hawezi kuomba ruhusa ya kununua soda au kumpa mpwa wake nauli. Fedha hizo zina kikomo kilichoandikwa, na zinapokwisha zimekwisha.

Nne, matumizi yoyote yazidiyo shilingi 50,000, yasiyokuwa chakula wala dawa, sharti yatanguliwe na shauri. Na msaada kwa jamaa wa pande zote mbili una ukurasa wake. Hapa ndipo tulipopata ugumu kuliko penginepo. Ndugu hasemi, "Nisaidie mwezi ujao." Msiba haungoji mshahara. Tulikubaliana kwamba aliyeombwa asijibu peke yake. Hujibu, "Nitazungumza na mwenzangu." Jamaa fulani wa upande mmoja walidhani kwamba mtoto wao ametawaliwa; hata hivyo, walipoona kwamba kinachoahidiwa hufika, manung'uniko yalipungua.

Tano, kadi hatukuikata. Tuliifungia sandukuni mpaka deni lake liishe, kwa sharti kwamba baadaye itumike tu kwa kitu ambacho fedha zake zimekwisha kuwapo mfukoni, na kwamba kamwe isitolewe kwayo fedha taslimu.

Mapatano hayo hayakuwa na majuma saba tulipopata mtihani. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na malipo ya ziada yaliyokuwa sehemu ya mishahara yetu yakakatika. Tulilazimika kurudi kulipa 100,000 za kadi badala ya 200,000, kuanzia Aprili mpaka Desemba. Wapo walimu wa shule za binafsi, rafiki zetu, waliokosa mshahara kabisa wakauza mandazi na makaa. Sisi hatuna haki ya kujiita wahanga mbele yao. Lakini twasema kwa uhakika kwamba kama yale madeni ya simu yangalikuwapo mwezi ule wa Machi, tusingalimaliza mwaka bila kuuza vitu vingine ambavyo havinunuliki tena kwa urahisi.

Katika miezi ile mirefu ya kukaa nyumbani, binti yetu alilikuta daftari mezani. Tulisita kumwonyesha. Wazazi wengi, nasi tukiwamo, huona aibu mtoto kujua deni la nyumba. Lakini yeye alikuwa amekwisha kulijua, siku ile alipogeuzwa langoni na sanduku lake. Tulimwachia asome. Juma lile lile alitugundulia kosa la kujumlisha la shilingi 18,000, na tangu hapo yeye ndiye akawa mwandishi wa kikao chetu cha kila tarehe 28. Deni la kadi lilimalizika Julai 2021. Aliandika tarehe, akapiga mstari kwa rula, akasaini jina lake chini yetu kama shahidi. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022, alikwenda na stakabadhi ya karo mkononi, akaiangalia mara mbili kabla ya kuitia mfukoni.

Twawaomba walimu wenzetu wasituchukulie kuwa ni washauri. Sisi si wataalamu wa fedha, na kila nyumba ina mambo yake. Pengine wapo watakaoona kwamba mfuko mmoja wawafaa, na wengine kwamba kila mtu na lake ni bora zaidi, mradi wameyasema wakiwa wamekaa chini. Methali isemayo "Kukopa harusi, kulipa matanga" hufundishwa aghalabu kama onyo kwa mkopaji. Sisi tumejifunza kuisikia kwa namna nyingine pia, kwamba harusini watu hualikana, na matanga yakifika haifai mwenzako awe mgeni asiyejua marehemu ni nani.

Siku hizi kadi imetoka sandukuni. Mwezi huu tumenunua kwayo vitabu vya shilingi 84,000, na fedha zake zimekwisha tengwa. Kikao ni kesho kutwa. Mwandishi wetu yuko mbali kwa masomo, hivyo mmoja wetu atasoma na wa pili ataandika.